Dondoo muhimu: Kujifunza ufundi wa redio nyumbani

Redio mbovu ni darasa zuri kwa anayependa ufundi wa mikono.

• Anza na redio ya betri. Umeme wa ukutani si wa kujifunzia. Kapasita kubwa za redio ya plagi hubaki na chaji hata plagi ikichomolewa.

• Piga picha kabla ya kugusa kitu ndani. Weka skrubu kwenye kisosi.

• Kagua yaliyo rahisi kwanza: betri zilizokwisha, vibati vya betri vyenye kutu, waya uliokatika.

• Ukilehemu, pasha moto mguu wa kifaa na shaba ya bodi kwa pamoja, kisha gusisha risasi hapo, si kwenye ncha ya chuma cha kulehemu. Risasi ya 60/40 (asilimia 60 bati, 40 risasi halisi) huyeyuka kwenye nyuzi 190 hivi za Selsiasi. Ncha ya nyuzi 350 inatosha. Kiungo kizuri hung'aa.

• Fungua dirisha, usivute moshi, na unawe mikono kabla ya kula. Risasi ni sumu.

• Andika daftarini dalili, chanzo na tiba ya kila ubovu, wenzako watafaidika.

• Unapomfundisha mtu, mwachie ashike chuma mwenyewe. Wewe elekeza tu.