Mchoro Una Mwenyewe: Kujifunza Ubunifu wa Jukwaa Al Wakrah

Watu wakisikia kwamba jioni nasomea ubunifu wa jukwaa, swali lao la kwanza ni kama najua kuchora. Nawajibu si sana, na kwamba darasani kwetu kuna waliokuja na mkono mzuri kuliko wa mwalimu, wakataabika kuliko sisi wengine. Mchoro wa tamthilia una mtu anayeusubiri. Seremala anataka kujua akate mbao wapi. Fundi cherehani anataka kujua nguo inaanguka vipi mgongoni. Fundi taa anauliza giza linaanzia wapi, na mwongozaji anauliza mwigizaji ataingilia upande gani. Ukishamjua anayeusubiri mchoro wako, nusu ya kazi imekwisha. Nusu ya pili ndiyo ninayoieleza hapa, kwa yeyote anayetaka kujifunza fani hii, awe Doha, Dar es Salaam au Mombasa.

Naishi Al Wakrah, mji wa zamani wa wavuvi na wapiga mbizi wa lulu kusini mwa Doha, pale Laini Nyekundu ya metro inapoishia. Mchana niko kazini; jioni, siku za darasa, naingia kwenye chumba chenye meza ndefu, taa kali na harufu ya gundi. Tuko Wasudani, Wafilipino, Wahindi, Walebanoni, na Waswahili wawili: mimi wa Tanga na kaka mmoja wa Mombasa ambaye kila kazi kwake ni "hiyo rahisi, dada". Kiingereza kila mtu ana cha kwao. Pengine ndiyo maana darasa la namna hii linafundisha vizuri hapa kuliko mahali ambapo wote wanaelewana. Huwezi kujiokoa kwa maneno. Karatasi isipoeleza, basi tena.

Mwalimu wetu, Msudani mtu mzima tunayemwita ustadhi, alituonyesha jambo hilo mapema. Alichukua michoro miwili ya ngazi na kijukwaa kidogo. Mmoja ulikuwa wa rangi za maji, umepakwa hadi unatamani kuununua; mwingine wa penseli tupu na tarakimu. Akatupeleka kwenye karakana ya jirani kwa seremala mmoja wa Kerala, ambaye vijana wote humwita chetta, kama sisi tunavyomwita mtu kaka. Chetta akaupokea ule wa rangi, akautazama kwa heshima, akaugeuza kuona kama nyuma kuna kitu, akaurudisha. Ule wa penseli akaulaza juu ya benchi, akachomoa futikamba kiunoni, akaweka ukucha juu ya tarakimu moja, akauliza: "Hii kutoka chini, au kutoka juu ya jukwaa?"

Ustadhi akacheka mpaka akakohoa. Hilo ndilo swali alilolitaka. Kimo kilikuwa kimeandikwa vizuri, lakini hakikusema kinapimwa kuanzia wapi. Siku hizi kila mchoro wetu una mstari mmoja ulioandikwa sifuri, yaani usawa wa sakafu ya jukwaa, na kila kimo kinahesabiwa kutoka hapo, kwenda juu au kwenda chini.

Anza na michoro mitatu. Wa kwanza ni ramani, jukwaa likitazamwa kutoka juu. Wa pili ni mkato, kama vile ukumbi mzima umepasuliwa kwa msumeno kutoka jukwaani hadi viti vya nyuma, nawe umesimama ubavuni unautazama. Wa tatu ni sura ya mbele. Wanaoanza wanaupenda huo wa tatu kwa sababu unafanana na picha, lakini mkubwa wa yote ni ramani. Chora jukwaa, chora viti, kisha weka nukta kwenye kiti cha pembeni kabisa cha safu ya kwanza. Kutoka nukta hiyo vuta mstari kwa rula upite ukingo wa pazia mpaka ndani. Kilicho nyuma ya mstari huo, mtu wa kiti kile hakioni. Fanya hivyo kila upande. Kwenye mkato fanya hivyo kwa kiti cha juu kabisa, na utashangaa ni mapambo mangapi yanayofia hapo.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, panda metro. Kutoka Al Wakrah hadi Katara ni laini ileile bila kubadilisha treni, na nauli ya kawaida ni riyali 2. Kijiji cha utamaduni cha Katara kina ukumbi wa wazi uliojengwa kwa mtindo wa Wagiriki wa kale, viti vyake vya mawe vikipanda kama ngazi kuzunguka jukwaa. Kaa chini kwanza, halafu panda mpaka safu ya juu. Ukiwa chini unaona ukuta wa nyuma ya waigizaji. Ukiwa juu unaona sakafu, karibu sakafu tu. Kwa hiyo, katika ukumbi wa namna ile, rangi na umbo la sakafu ndiyo mandhari yenyewe, na mbunifu aliyemaliza bajeti yake kwenye kuta amewapambia watu wa mbele peke yao. Sisi tuliokulia kwenye ngoma tuna faida hapa. Uwanja wa ngoma hauna mbele wala nyuma. Watu wamezunguka, na mchezaji anajua kwamba mgongo wake nao unatazamwa.

Baada ya michoro unakuja mfano mdogo wa jukwaa, na hapa usiwe na haraka. Skeli inayotumika sana, nasi tunaitumia, ni 1:25. Hesabu yake ni nyepesi: jukwaa la mita 10 linakuwa sentimita 40, mlango wa mita 2 unakuwa sentimita 8, na mtu wa wastani anakuwa sentimita 7. Mkate huyo mtu kwanza, kabla ya ukuta wowote. Mkate kwenye manila, mkunjie miguu asimame, mweke mezani. Caspar Neher, mbunifu aliyefanya kazi na mwandishi wa tamthilia Bertolt Brecht, rafiki yake tangu walipokuwa wanafunzi pamoja mjini Augsburg, alikuwa akianza na watu: anachora nani kasimama wapi na anamtazama nani, na mandhari inafuata baadaye. Ustadhi ana msimamo mkali juu ya hili. Ukimletea mfano usio na mtu, anakurudishia bila neno.

Wala usidhani mfano unahitaji vifaa vya ghali. Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977, wanakijiji walipojenga ukumbi wao wa wazi kwa ajili ya *Ngaahika Ndeenda*, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, vijana wa pale walianza kwa kupanga vijiti vya kiberiti ardhini. Kisha wakatengeneza mfano mdogo, na kutokana na huo wakajenga jukwaa na viti vya mbao. Serikali ya Kenya iliubomoa ukumbi mwaka 1982. Ninapomwona mwanafunzi anahangaika kutafuta kadibodi ya Ujerumani, nawakumbuka vijana wale na kiberiti chao.

Vifaa vyangu ni kisu chenye wembe wa kuvunjika, rula ya chuma, gundi nyeupe ya mbao, penseli za HB na 2B, manila, na kadibodi ya maboksi ninayoiokota nyuma ya duka la vyakula. Rula iwe ya chuma kweli; ya plastiki wembe unaila, halafu kila mstari wako unapinda. Kwa anayeishi Ghuba naongeza jambo moja: mfano usiuache ndani ya gari kuanzia Juni. Ile gundi ya fimbo inayoyeyushwa kwa moto inalegea tena, na kuta zinalala chini. Mimi wangu nausafirisha kwa metro ndani ya boksi lenye mfuniko. Al Wakrah ni kituo cha mwisho, kwa hiyo kiti cha kuupakatia hakikosekani.

Mfano wa kwanza uache mweupe mtupu. Rangi inadanganya. Mfano mweupe unaonyesha umbo na nafasi, na ukiumulika kwa tochi ya simu kutoka pembeni unaona vivuli vinaangukia wapi. Piga picha ukiwa umeshusha simu mpaka usawa wa macho ya yule mtu wako wa sentimita 7. Picha iliyopigwa kutoka juu inapendeza, lakini hakuna mtazamaji anayekaa darini.

Kuhusu jicho lenyewe, hakuna darasa lililonisaidia kuliko kutembea Souq Al Wakrah alasiri, jua likishaanza kulala. Soko lile limejengwa upya kwa mtindo wa zamani, kando ya bahari: vichochoro vyembamba, kuta nene za rangi ya mchanga, milango mizito. Kaa mahali, finya macho, chora kwa aina tatu tu za rangi: nyeupe ya karatasi, kijivu, nyeusi. Usichore mlango, chora kivuli cha mlango. Dakika mbili, karatasi nyingine. Fundi taa akiona mchoro wa aina hiyo anaelewa mara moja unataka nini, bila kujali kama mlango wako umepinda.

Kisha inua macho uangalie dari. Nyumba za kale za Ghuba ziliezekwa kwa boriti za mikoko, na kwa karne nyingi majahazi yalikuwa yakizileta kutoka kwetu, Lamu na delta ya Rufiji. Boriti ya mkoko ina urefu wake, ndiyo maana vyumba vya zamani vya hapa, kama vya Lamu na Unguja, vina upana wa karibu mita 3. Mbunifu anayechora chumba cha kale chenye upana wa mita 6 bila nguzo katikati amechora chumba ambacho hakikuwahi kuwapo. Mwenzangu wa Mombasa, ambaye babu yake alifanya biashara ya boriti, ndiye aliyelieleza hili darasani, na kwa mara ya kwanza hakusema ni rahisi.

Rufiji ikanifuata hadi kwenye zoezi kubwa la muhula. Kila mtu achague tamthilia ya kwao. Mimi nikachagua *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Habari yenyewe wengi tunaijua tangu shule: Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, Rufiji, anaingia majini, anakaa humo, anatoka na ile dawa ya maji, na mwaka 1905 Vita vya Majimaji vinaanza. Wazee walisimulia kwamba watu walipiga mbizi kumtafuta wasimwone, na kwamba alipotoka nguo zake zilikuwa kavu.

Wazo la kwanza la kila mtu, pamoja na mimi, ni kitambaa cha buluu kinachopeperushwa na watu wawili kiwe mto. Ustadhi hakukikataa. Alisema tu, tengeneza mifano mingine, na ndani yake buluu isiwepo. Akatuelekeza kwenye Uwanja wa Al Janoub, ambao tunaupita kila siku. Msanifu majengo Zaha Hadid aliubuni kwa kufuata matanga ya majahazi ya hapa, ukafunguliwa 2019. Lakini uutafute mlingoti, hauna. Hadid alijua aache nini.

Nilipokaa na tamthilia yangu nikaona kwamba tukio lile haliamuliwi na mto. Linaamuliwa na nguo. Mtazamaji wa safu ya nyuma lazima aone kwamba wapiga mbizi wameloa na Kinjeketile hakuloa, la sivyo muujiza haupo. Basi nikatafuta vipande vya vitambaa: kaniki, pamba nyeupe iliyopaushwa, amerikani isiyopaushwa, na kimoja cha kisasa cha nailoni. Nikavibandika ukutani, nikavinyunyizia maji nusu, nikazima taa za chumba, nikawasha tochi ya simu pembeni, nikarudi nyuma mpaka ukuta wa pili. Kaniki kavu na kaniki mbichi ni kitu kimoja. Weusi unameza kila kitu. Nyeupe iliyopaushwa inaonyesha kidogo, kisha inashika mwili na kuvuta macho kwingine. Nailoni inang'aa tu. Amerikani ndiyo iliyosema: palipoloa pakageuka kahawia nzito yenye ukingo wazi, na pakavu pakabaki kama unga wa mtama. Nayo, kwa bahati, ni kitambaa kilichokuwa kikiuzwa pwani na bara siku zile.

Kwa hiyo mchoro wangu wa maleba ulikuwa na mtu wa mbele, mtu wa nyuma, na pembeni vipande viwili vya amerikani vimebanwa kwa pini, kimoja kikavu, kimoja kimelowanishwa asubuhi ya siku hiyo. Mto nikauacha kuwa ufa mweusi kwenye sakafu, wenye upana wa mita moja na nusu. Mchoro wa mfuatano ulionyesha nani anaingia na nani anatoka, fremu kwa fremu, na katika kila fremu mishale ya taa.

Siku ya kuwasilisha, kazi zinabandikwa ukutani na mwenyewe anakaa kimya. Wenzake wanasema wanachokiona kabla hajafungua mdomo. Desturi hii inauma, lakini uombe iwepo hata kama unajifunza nyumbani na marafiki: waulize wanaona nini, wala usiwaulize kama wamependa. Mfilipino mmoja aliutazama ukuta wangu akasema, "Huyu hakuguswa na maji." Hajui Kiswahili na habari za Majimaji hajawahi kuzisikia.

La mwisho ni dogo, lakini chetta ndiye aliyelisisitiza. Kila karatasi iandikwe tarehe, skeli, na namba ya toleo kwenye kona ya chini kulia, na ile ya zamani uichane mbele ya fundi. Akibaki na karatasi mbili benchini atafuata iliyo karibu na mkono wake.