Kutoka Santuri hadi Kanda ya Video: Rimiksi na Usimulizi wa Filamu kwa Kiswahili

Utangulizi

Msimulizi wa filamu wa vibanda vya video, vya aina inayofahamika Likoni, Kisauni na Changamwe, hudhaniwa kuwa mfasiri asiyejua kazi. Makala haya yanadai kwamba yeye ni fanani, na kwamba sanaa yake ina nasaba na ya dijei.

Chimbuko

Rimiksi ilikomaa nchini Jamaika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, fundi sauti King Tubby aliondoa sauti ya mwimbaji akabakiza mapigo. Wasemaji kama U-Roy wakaghani maneno yao juu yake. Mombasa nayo ilikuwa na jadi iliyokaribiana na hiyo: Juma Bhalo aliimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi. Lahani ilikuwa ya ugenini, neno likawa la nyumbani.

Mbinu

Msimulizi huifanyia picha yale ambayo dijei huifanyia santuri. Hupunguza sauti ya filamu, hupachika yake, huwapa wahusika majina ya mtaani, hutia mzaha, kisha hunyamaza ngumi zinapolia. Majina yenyewe yanatoboa siri: Kenya ina DJ Afro, Uganda humwita msimulizi VJ, kwa kuiga neno DJ. Dar es Salaam ilimjua Lufufu. Mfasiri hudaiwa uaminifu kwa matini asilia; msimulizi hudaiwa na hadhira iliyo mbele yake.

Huko Wakaliga, Kampala, mbinu hii ilizaa sanaa ya majaribio. Katika filamu ya Nabwana I.G.G., *Who Killed Captain Alex* (2010), sauti ya VJ Emmie hutania na kushangilia ndani ya filamu yenyewe. Mwaka 2022 kundi hilo lilishiriki maonyesho ya documenta, Kassel, Ujerumani.

Hitimisho

Wapo wanaolalamika kwamba usimulizi huu huchanganya ndimi na kuharibu Kiswahili sanifu. Hoja hiyo inahusu lugha, haifuti usanaa. Ngano nazo tulizikusanya kwa lahaja zake. Hivyo basi, mwanafunzi na achukue filamu moja iliyosimuliwa na wasimulizi wawili, aandike maneno yao na kuyalinganisha kama tulinganishavyo matoleo ya ngano. Kanda zinachakaa, tukichelewa, tutabaki na picha za wageni bila sauti zetu.