Dondoo muhimu: Mikoba ya zamani mitumbani

• Damka mapema. Iwe soko la Karume au la Gikomba, mikoba mizuri huondoka robota linapofunguliwa.

• Nusa kabla ya kupatana bei. Harufu ya ukungu ikishazama kwenye bitana, haitoki kirahisi.

• Kunja pembe. Ngozi halisi hufanya mikunjo midogo. Ya bandia iliyochoka hubanduka magamba, na unyevu wa pwani huharakisha kubanduka huko.

• Vuta zipu mwanzo hadi mwisho. Kipochi cha sarafu chenye mdomo wa chuma kifunge: kisipolia “ta!”, kirudishe.

• Pekua mfuko wa ndani. Lebo ya nchi mkoba ulikotengenezwa husaidia kukisia umri.

• Nyumbani, jaza mkoba vitambaa vya pamba. Wino wa gazeti huchafua bitana, na mfuko wa plastiki hufuga ukungu.