Bakteria Rafiki wa Mizizi Dhidi ya Mnyauko wa Nyanya

Majani ya chini ya mnyanya yanapogeuka manjano, mara nyingi upande mmoja tu, na mmea ukanyauka mchana ilhali udongo una unyevu, yafaa shina lipasuliwe karibu na ardhi. Michirizi ya kahawia ndani yake ni dalili ya mnyauko fuzari. Kuvu huyu huingia kupitia mizizi, huziba mirija ya maji, na huweza kudumu ardhini miaka mingi hata kama nyanya hazikupandwa. Dawa ya ukungu inayopuliziwa majani haimfikii. Fedha nyingi za wakulima hupotelea hapo.

Njia mojawapo ya kumkabili ni kumtangulia. Udongoni wamo bakteria wasioudhuru mmea, wakiwemo Bacillus subtilis na Pseudomonas fluorescens, ambao huishi kwenye mizizi. Hushika nafasi na chakula ambacho kuvu angekitaka, na baadhi yao hutoa kemikali za kumdhoofisha. La kustaajabisha zaidi lilibainishwa mwaka 1991 huko Uholanzi: bakteria waliowekwa kwenye mizizi ya maua ya karnesheni waliyakinga dhidi ya fuzari aliyepandikizwa kwenye shina, ingawa wawili hao hawakukutana. Mmea wenyewe ulikuwa umeamshwa, ukajihami.

Kinga hiyo huhitaji muda. Kwa hiyo bakteria huwekwa kitaluni, kisha tena siku ya kuhamisha miche, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi usiku kucha kabla ya kuchanganywa. Dawa za shaba zisichanganywe nao, kwani huua bakteria pia. Pakiti itunzwe kivulini na tarehe yake isomwe. Hawa ni viumbe hai. Bidhaa iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania.

Mmea uliokwisha kunyauka hauponi kwa bakteria. Ung'olewe na kuchomwa. Mbegu stahimilivu na kilimo cha kubadilisha mazao bado vinahitajika.

Iwapo mmea umenyauka ungali kijani, na kipande cha shina kilichotumbukizwa katika glasi ya maji safi kikatoa nyuzi nyeupe kama maziwa, huo ni mnyauko bakteria, ugonjwa mwingine kabisa. Penye shaka, afisa ugani wa kata apelekewe mmea mzima pamoja na mizizi yake, ukiwa ndani ya mfuko uliofungwa.