Kasi ya juu inaimaliza timu yangu

*Kocha, katika gemu ya Football Manager nafundisha timu ya daraja la tatu Uingereza. Nimeweka kasi ya juu kabisa, nicheze kama Liverpool ya Klopp. Tunaanza vizuri, ila kuanzia dakika ya 65 pasi zinapotea ovyo na tunafungwa. Nakosea wapi? – Kijana wa Luzira*

Timu yako haijalogwa, ndugu yangu. Kasi kwenye gemu hiyo si mbio za miguu. Ni muda anaopewa mchezaji kuamua kabla ya kuachia mpira. Klopp alikuwa na kiungo kama Thiago. Wewe una kiungo ambaye mguso wake wa kwanza ni 9 kati ya 20, na unamtaka aamue papo hapo, tena amechoka. Hapo kwenu wafungwa wa Gereza Kuu la Luzira wana ligi yao yenye timu iitwayo Liverpool, lakini jina halimpi mtu miguu.

Tazama alama za viungo wako: pasi, mguso wa kwanza, maamuzi, utulivu. Zikiwa chini ya za wapinzani wa ligi yako, rudisha kasi iwe ya kawaida. Usibadilishe kingine chochote kwa mechi tano, la sivyo hutajua dawa ni ipi. Baada ya hapo, fanya mabadiliko ya wachezaji mapema, dakika ya 60 hivi. Wapinzani wakijazana nyuma, makocha wengi huongeza kasi; mimi huipunguza kidogo na kutanua mchezo.

Mkiendelea kufungwa mwishoni, kagua presha na mstari wa ulinzi, kisha nitumie picha ya ukurasa wa mbinu.