MGONGO UNAPOPINDIKA: SOMO JUU YA WAGANGA WA KUJITOLEA



Mwezi huu tulitaka kuandika juu ya mitihani. Lakini jambo moja lilitokea kwenye mstari wa asubuhi. Mwanafunzi mdogo, ambaye mgongo wake umepindika, aliitwa jina baya mbele ya wote. Wengi walicheka. Sisi wakubwa wa kalasi ya sita tulisikia, tukanyamaza. Siku tatu hakuonekana masomoni. Kunyamaza kule kulituuma, ndiyo maana tumesoma juu ya ugonjwa huu, na leo tunawagawia tuliyoyapata.

1. Mgongo ni kitu gani?

Uti wa mgongo ni safu ya mifupa midogo: 7 ya shingo, 12 ya kifua, 5 ya kiuno, na chini yake mifupa iliyoshikamana. Ndani yake inapita kamba ya mishipa inayopeleka amri za ubongo mpaka miguuni. Ukimwangalia mtu kwa nyuma, safu hiyo inapashwa kusimama wima. Ikipindika upande na kujizungusha, waganga wanaita skoliozi. Ikiinama sana kwenda mbele, ndiyo kibyongo.

Sababu ziko nyingi. Wengine wanazaliwa na mfupa usiotimia. Wengine mgongo unapindika wakati wa kukua haraka, tangu miaka 10 hivi. Wengine tena ni kifua kikuu. Tunadhani kinakula mapafu tu, kumbe kinaweza kula mifupa ya mgongo pia! Munganga wa Uingereza, Percivall Pott, aliandika juu yake tangu 1779. Lakini uchawi haumo, wala laana ya wazazi, wala kubeba ndoo ya maji.

2. Mtoto wa Kumasi

Oheneba Boachie-Adjei alizaliwa Kumasi, Ghana. Mwaka 1972 alikwenda Marekani, akasoma, akawa munganga mkubwa wa migongo huko New York. Angeweza kubaki kule na kusahau. Lakini mwaka 1998 alianzisha shirika FOCOS, la kutibu mifupa na migongo migumu. Akawa anarudi Ghana pamoja na waganga, wauguzi na walaza-usingizi, watu wa kujitolea. Walipasua wagonjwa kwa majuma machache, kisha wakarudi makwao.

Kazi hiyo ilikuwa nzuri, lakini munganga akipanda ndege, nani ataangalia kidonda? Mfupa uliopasuliwa unahitaji miezi mingi kushikamana. Kwa hiyo walijenga. Mwaka 2012 hospitali ya FOCOS ilifunguliwa Accra, yenye vitanda 50. Wageni wa kujitolea wanakuja kusaidia, na waganga wa pale wanajifunza kwao. Watoto wametoka mpaka Ethiopia na Sierra Leone kutibiwa pale.

3. Kazi inafanywa namna gani?

Mgongo uliopindika sana haunyooshwi siku moja. Ukivutwa kwa nguvu, ile kamba ya mishipa inaweza kuumia, na mtoto asitembee tena. Kwanza wanamfunga pete ya chuma kichwani. Kamba inatoka kwenye pete, inapita juu ya kagurudumu, na kwenye ncha yake kuna uzito. Wanauongeza pole pole, mara nyingine mpaka karibu nusu ya uzito wa mtoto mwenyewe. Anakaa hivyo majuma mengi, hata miezi. Lakini halali tu: anatembea na kusukuma kiti cha magurudumu, pete ikiwa kichwani, na kucheza na wenzake.

Halafu ndiyo kupasua. Wanafunga mifupa kwa visi na fimbo za chuma, na mashine inachunguza kama mishipa ingali inapeleka amri miguuni. Saa zinapita nyingi.

4. Sisi tufanye nini?

Ghana ni mbali, lakini kugundua mapema kunaweza kuanza hapa. Mwambie ndugu yako, kwa siri na kwa heshima, ainame mbele, mikono ikining'inia. Kama upande mmoja wa mbavu umeinuka kuliko mwingine, aende kwa munganga. Tena mtu mwenye maumivu ya mgongo yasiyokwisha, homa za usiku, kukonda, ama miguu inayolegea, asingojee. Kifua kikuu cha mgongo kina dawa. Zikinywewa mapema na kumalizwa, zinaweza kuzuia mgongo usipindike.

Wale waganga waliacha mapumziko yao kwa ajili ya mtoto wasiyemjua. Sisi tulishindwa kuacha kicheko kwa ajili ya mtoto tunayemjua. Hapo ndipo somo lilipotukamata.

Juma lililopita tulikwenda kwao kuomba radhi. Alitusikiliza, akauliza neno moja tu: "Mutaandika jina langu?" Tukamjibu hapana. Siku ya kwanza ya juma alisimama tena kwenye mstari, na sisi tulisimama karibu naye.

Maulizo ya kujibu katika kalasi:
1. Taja sababu tatu za mgongo kupindika.
2. Kwa nini mgongo hauvutwi siku moja?
3. Munganga wa kujitolea aache nini nyuma yake akirudi kwao?
4. Wewe ulikuwa wapi siku walipocheka?