NGOME YA SHAYZAR: IBRA KUTOKA KANDO YA MTO



Katika somo letu la historia tunakwenda nchi ya Sham, Syria ya leo, kaskazini magharibi ya mji wa Hama. Hapo, juu ya mto al-Asi, ipo ngome kongwe iitwayo Shayzar.

Mahali pake
Ngome hii imejengwa juu ya mwamba mrefu na mwembamba ambao Waarabu waliufananisha na kilemba cha jogoo. Chini yake unapita mto. Upande wa kusini, ambako mwamba uliungana na uwanda, watu walichonga handaki ndani ya jiwe ili adui asipate njia.

Waliopita hapo
Jina la mji huu limo katika barua za Misri ya kale, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Wagiriki waliuita Larissa. Mwaka 638 uliingia katika mikono ya Waislamu, zama za Khalifa Umar (R.A.). Mwaka 999 Warumi wa Konstantinopoli waliuteka, na mwaka 1081 Ali bin Munqidh aliununua kutoka kwa askofu wao.

Ukoo wa Banu Munqidh ulikuwa wa mashujaa na watu wa elimu. Mmoja wao, Murshid, aliacha utawala kwa ndugu yake Sultan, akashughulika na kuinakili Qur'ani kwa mkono wake. Mwanawe, Usama, alizaliwa mwaka 1095.

Mwaka 1138 mfalme wa Warumi, John Komnenos, akiwa pamoja na Wafranji, aliizingira ngome kwa wiki tatu hivi, akiipiga kwa mashine za kurushia mawe. Ngome haikuanguka. Alipewa mali, akaondoka.

Msiba wa mwaka 1157
Kisha likaja jambo lisilozuiwa na handaki wala ukuta. Mwezi wa Agosti 1157 (552 Hijria), ukoo ulikusanyika ngomeni kwa karamu ya kumtahiri mtoto. Ardhi ikatetemeka, jengo likawaangukia, na karibu wote wakafariki. Usama alinusurika kwa kuwa alikuwa mbali. Ami yake Sultan alikuwa amemtoa Shayzar miaka mingi nyuma. Baadaye Nur al-Din aliichukua ngome na kuijenga upya.

Usama aliishi hadi mwaka 1188. Uzeeni aliandika Kitab al-I'tibar, yaani kitabu cha kuzingatia. Humo tunawasoma jamaa zake hadi leo.

Tunajifunza nini?
1. Tusiseme kuwa watu wale waliadhibiwa. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Muislamu anayekufa kwa kuangukiwa na jengo huhesabiwa miongoni mwa mashahidi.
2. Kufukuzwa kulikomuumiza Usama ndiko kulikomuokoa. Tusikate tamaa tunapopatwa na tusilolipenda.
3. Utawala wa ukoo ulikwisha siku moja, lakini kalamu ya Usama imebaki. Basi tuyaandike masomo yetu, na tuwaulize wazee wetu habari za zamani kabla hawajaondoka.

Maswali
1. Kwa nini ngome ilikuwa ngumu kutekwa?
2. Murshid alichagua nini badala ya utawala?
3. Muulize babu au bibi kisa kimoja cha ukoo wenu, kisha kiandike.

Wabillahi Tawfiq.